Tairi la meno makubwa lilivyonilaza Kericho

Juma lililopita kijana mmoja wa Kisumu aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimepata Himalayan. Nataka matairi ya meno makubwa kama yale yaliyo kwenye picha yako ya Menengai. Nichukue TKC 80 au yapi?" Himalayan ni pikipiki ya Royal Enfield, na TKC 80 ni tairi la meno makubwa la kampuni ya Continental. Picha anayoisema naijua. Pikipiki imesimama ukingoni mwa kreta, tope limeganda mpaka kwenye kiti, nami natabasamu. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kumjibu, maana matairi yale ndiyo yaliyonivunja mtulinga.

Ilikuwa 2021. Himalayan yangu, ile yenye injini ya cc 411, ilikuwa na matairi mazima kabisa. Lakini nilitaka ionekane pikipiki ya safari. Nikaingia duka moja hapa Nakuru, nikaonyeshwa jozi ya meno marefu, meusi, yanang'aa. Shilingi 14,000 kwa yote mawili. Sikuuliza kwa nini bei iko chini hivyo, wala sikuinama kutazama ubavu.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda njia za ndani za Mau Narok, kwenye matope ya mashamba ya viazi. Naapa, sijawahi kufurahi hivyo. Tairi lilichimba kama jembe na kulitema tope nyuma. Nilipita mahali ambapo wenzangu wawili walisukuma.

Wiki mbili baadaye tukawa watano kwenda Kisumu kupitia Londiani na Kericho. Lami mwanzo hadi mwisho. Mvua ya Kericho mnaijua: saa tisa alasiri ikatuangukia. Tulipokuwa kati ya mashamba ya chai, nikiwa kilomita 60 tu kwa saa, niliingia kona ya kushoto. Usukani ukawa mwepesi ghafla, kama umeng'oka. Gurudumu la mbele likateleza, nikaenda chini kwa bega, nikasikia mfupa ukilia. Wachuma chai ndio waliokuja mbio. Mama mmoja akavua leso yake akanifungia mkono shingoni. Wenzangu wanne waliokuwa mbele waliendelea hadi Kisumu, wakanipigia simu saa mbili usiku wameshakula samaki. Hilo sijalisahau.

Pikipiki iliporudi Nakuru, fundi wangu alifuta ubavu wa tairi kwa kitambaa chenye petroli, akaniita nisogee. Mwishoni mwa maandishi ya DOT, alama ya kiwandani, palikuwa na tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 3514. Wiki ya 35, mwaka 2014. Tairi nililouziwa jipya lilikuwa na miaka saba. Akalibonyeza kwa ukucha, ukucha haukuzama hata kidogo, mpira umekauka kama kwato. Nilirudi dukani mkono ukiwa umefungwa. Nikaambiwa mali ikishatoka mlangoni haina mwenyewe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikia. Meno makubwa huuma tope kwa sababu yameachana, lakini juu ya lami kinachogusa barabara ni vichwa vya meno tu. Mpira unaoshika unakuwa mchache, na mvua ikinyesha unapungua zaidi. Ukiongeza na mpira mkavu, umekwisha. TKC 80 ni tairi zuri, silikatai, ila lami hulila upesi. Linamfaa anayeishi mahali lami inapokomea.

Wewe unaishi wapi? Umeniambia kazi iko mjini Kisumu na wazazi wako upande wa Ahero. Hesabu kilomita zako za mwezi mzima, si za ile safari unayoiota. Mimi nilipohesabu zangu, tisa kati ya kumi zilikuwa lami. Nikafunga matairi ya kati, meno mafupi yaliyokaribiana katikati na kuachana pembeni, na mpaka leo nafika Mau Narok. Udongo mweusi wa tambarare za Kano, huko Ahero, ukilowa unajaa hadi chini ya madigadi, na hapo hata meno makubwa hayatakuokoa. Subiri ukauke.

Usikubali kubadilishiwa saizi. Kama yako ni 411 kama yangu: mbele 90/90 ya inchi 21, nyuma 120/90 ya inchi 17. Kwenye changarawe punguza upepo kidogo tu, kwa sababu rimu zako ni za spoki na ndani mna tyubu. Ukizidisha, jiwe moja litaibana tyubu kwenye rimu. Na soma tarehe. Kabla hujatoa pesa, inama usome tarehe, mbele na nyuma, hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Jana usiku alinitumia picha kutoka dukani. Ubavu wa tairi, na tarakimu nne amezizungushia chaki nyeupe: 0819. Chini yake ameandika, "Kaka, anasema ni jipya, halijawahi kufungwa."

Nikamjibu neno moja: "Liache."