Kauboi aliyebaki sauti

Mhariri, mmeuliza wiki hii, mkitaka wasomaji tupige kura, kama msimulizi wa filamu ni msanii kamili au ni mtu anayejibandika kwenye jasho la wengine. Najua mlikuwa mnamfikiria DJ Afro, Mkenya anayezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na wasomaji wenu wa Dar watamtaja Lufufu, msimulizi wa kwao, kabla hawajamaliza kulisoma swali. Sina ugomvi nao. Nimekulia vibanda vya video vya Eastlands, Nairobi, nikikaa kwenye benchi la mbao, na sikuwahi kujua steringi alisema nini kwa Kichina. Nilijua alichosema DJ Afro, ikanitosha.

Lakini swali lenu limenikuta Tucson, Arizona, ninakofanya kazi ya kutunza wazee, na huku msimulizi anayetajwa ni mwingine. Ni Rex Allen, kauboi mwimbaji, mtoto wa Willcox, mji mdogo wa ng'ombe na reli mashariki mwa hapa. Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1920. Baba alipiga fidla, mtoto akashika gitaa. Alikuwa na makengeza mpaka alipofanyiwa upasuaji, kwa hiyo hakuna aliyemtabiria sinema. Redio ndiyo iliyomtoa, kituo cha WLS cha Chicago, ambako sura haina kazi.

Kampuni ya filamu ya Republic ilimwita Hollywood na mwaka 1950 ikamtoa katika The Arizona Cowboy. Hapo ndipo bahati yake inaponichekesha kidogo. Makauboi waimbaji waliomtangulia, Gene Autry na Roy Rogers, walikuwa wameshavuna shamba lote, yeye akaja kuokota masazo. Alipewa kila kitu cha kazi: kofia nyeupe, farasi wake Koko mwenye manyoya meupe shingoni, na wachekeshaji wa kuandamana naye, wakiwemo Buddy Ebsen na baadaye Slim Pickens. Akacheza filamu 19 hivi hadi 1954, halafu basi. Televisheni ilikuwa inawaonyesha makauboi bure sebuleni, nani angelipa kiingilio? Wanamwita wa mwisho wa makauboi waimbaji, nao wanasema hivyo kwa kumsifu. Mimi naona ni jina la mtu aliyefika arusini sahani zikioshwa.

Baada ya hapo ndipo Disney walipomkuta, au tuseme walipolikuta koo lake. Sauti nzito, ya taratibu, ya mtu aliyeegemea ua wa zizi na hana haraka. Mwaka 1962 alisimulia The Legend of Lobo, habari za mbwa mwitu. Mwaka 1963 The Incredible Journey, mbwa wawili na paka wanaokatiza pori la Kanada kurudi kwao. Mwaka 1967 Charlie, the Lonesome Cougar. Mwaka 1973, safari hii kwa kampuni ya katuni ya Hanna-Barbera, akasimulia Charlotte's Web. Wanyama halisi wa zile filamu za Disney hawawezi kujieleza, mtu lazima awaseme.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kulikuwa na mzee niliyekuwa nakaa naye zamu ya usiku, mchimba shaba mstaafu, macho yake yameliwa na kisukari. Alikuwa na kanda ya ile filamu ya mbwa wawili na paka na aliitaka karibu kila wiki. Anakaa kwenye kiti chake cha kuegemea, blanketi magotini hata wakati wa joto, uso ameuelekeza dirishani badala ya kwenye televisheni. Rex akiongea, mzee ametulia. Rex akinyamaza, mzee anagonga mkono wa kiti kwa kidole: nini sasa? Namwambia, paka anatembea. Kimya. Kidole tena. Bado anatembea, mzee.

Mnaijua sehemu ya bwawa la beva, yule mnyama anayeziba mito kwa miti, linapobomoka na paka anasombwa na maji? Siku moja nilipandwa na mori. Damu ya Eastlands! Nikaanza kuisimulia kama tulivyozoea, nimesimama kabisa, maji yanakuja, paka hana habari, amigos mnaona haya mambo, Kiingereza changu kikikwama naingiza Kiswahili. Nilidhani namfurahisha. Mzee akainua mkono kama askari wa barabarani. Akaniambia nishushe sauti, paka hasikii na Rex anajua anachofanya. Nikakaa. Kwenye kanda, sauti ya Rex haikupanda hata kidogo. Alisema aliyoyasema kwa mwendo uleule, kisha akayaachia maji yapige kelele yenyewe. Mzee alikuwa ameushika mkono wa kiti kwa nguvu. Safari hii hakugonga.

Nimelifikiria tukio lile kuliko linavyostahili, nakubali. Wenzangu kazini wamechoka kulisikia. Lakini linaniambia kitu kuhusu kazi yenyewe. Kibandani DJ Afro hawezi kunyamaza. Kuna jenereta nje, kuna watoto, kuna filamu ambayo nusu ya watu hawaielewi lugha yake. Anatafsiri, anatania, anafukuza usingizi. Rex alilipwa kwa kujua pa kufunga mdomo. Ni kazi mbili tofauti, na swali lenu limezifunga kamba moja.

Rex alifariki Tucson hapahapa tarehe 17 Desemba 1999, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 79. Mtunzaji wake alimkanyaga na gari kwa bahati mbaya uani kwake. Kwa mtu wa kazi yangu habari hiyo haisomeki mara mbili. Koko amezikwa kwenye bustani ya Willcox, mbele ya sanamu ya shaba ya bwana wake, na majivu ya Rex yalimwagwa hukohuko.

Kura yangu, basi. Nilipokaa kuandika nilikuwa na "msanii kamili" kinywani. Sasa mkinibana nitasema si kamili. Wamarekani waliiamini sauti ile kwa sababu walikuwa wameshaiona juu ya farasi, kwa hiyo zile filamu 19 ninazozibeza ndizo zilizoilisha. Na mzee wangu, pamoja na Rex wake wote, bado alihitaji mtu wa kumwambia kwamba paka anatembea. Ila msiihesabu kura hii dhidi ya Lufufu, maana yeye alikuwa anatafsiri. Wala matangazo ya chakula cha mbwa cha Purina, ambayo Rex aliyasoma kwa miaka, msiyaweke kwenye mizani. Hayo yalikuwa ya kodi ya nyumba, na hata huko, wanasema huku, mbwa walikuwa wanainua masikio.