Chumba cha futi 10 kwa 10: kabla ya rangi, angalia kitanda

Wiki hii dada mmoja ameniandikia kutoka Tabata. Ndoa yake bado changa, yeye na mumewe wamepanga chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, na tayari wametoa advansi kwa fundi wa Keko awatengenezee kitanda cha 6 kwa 6. Anauliza: "Dada, nipake rangi gani chumba kionekane kikubwa?"

Mdogo wangu, mpigie fundi leo kabla hajakata mbao. Rangi itakuja baadaye.

Piga hesabu uone. Godoro la 6 kwa 6 ukiliwekea fremu linafika futi 6 na nusu kila upande. Kabati la nguo lina kina cha futi 2. Ukiviweka vikitazamana, kwenye upana wa futi 10 inabaki futi moja na nusu. Hapo mlango wa kabati haufunguki wote, na mmoja akitaka kupita inabidi mwingine apande kitandani. Chukua 5 kwa 6, njia inakuwa futi 2 na nusu. Ile futi moja uliyopunguza ndiyo unayotembea juu yake kila asubuhi. Na mtu akiingia chumbani, jicho lake linaanzia chini: akiona sakafu ndefu anasema chumba kikubwa, akikuta kitanda mlangoni anasema kidogo, hata ukipaka rangi ya namna gani.

Haya siyasemi kwa kusoma. Sisi tulianza maisha Temeke kwenye chumba kama hicho, na kitanda tulipewa zawadi ya harusi: 6 kwa 6, boksi zito lililoshuka mpaka chini, kichwa chake kimefunikwa ngozi ya kahawia. Kila aliyekiona ukumbini alikisifu. Mwaka ule ule wifi yangu mkubwa akaja kututembelea na wenzake. Akasimama mlangoni, viatu hajavua, akaangaza huku na huku, akasema, "Kumbe kaka yangu anaishi stoo." Wenzake wakacheka. Mume wangu alikuwa barazani ameinamia jiko la mkaa, akajifanya hajasikia. Mimi nilisikia. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile kifua kinabana.

Nikaamua kwamba chumba hicho hicho kitapendeza, bila kuhama na bila kukopa. Nilimshawishi mume wangu tukauza kile kitanda. Maneno niliyopata kwa ndugu, Mungu ndiye anajua. Nimeuza baraka za ndoa, nina dharau, najifanya Mzungu. Pesa tuliyopata ilitosha kitanda cha 5 kwa 6 cha mkongo, na nilimsimamia fundi mwenyewe: miguu myembamba, kimo cha futi moja na nusu kutoka sakafuni, chini kusiwe na boksi wala ubao wa kuziba. Siku kilipoingia, hata godoro halijawekwa, nilisimama mlangoni nikaona sakafu inapita chini ya kitanda mpaka ukuta wa mwisho. Mume wangu akaingia, akatazama, akasema, "Hapa sasa."

Siku hizi mama mwenye nyumba akiwa na chumba kinachongoja mpangaji, anawaleta watu kwanza kwangu waone "chumba kinavyoweza kuwa". Nasema hili kwa fahari, najua nilichopitia. Wifi hajaja tena.

Jambo la pili nililipata Lamu, nilipokwenda kwenye harusi ya binamu yangu. Nyumba za kale kule zina vyumba virefu lakini vyembamba, upana kama mita 3 hivi au chini yake, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Wazee wale hawakuweza kuongeza upana, wakaushughulikia ukuta. Walipaka chokaa nyeupe, na katika chumba cha ndani wakachonga zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, wakapanga humo vyombo vyao vya kauri. Ukikaa mbele ya ukuta ule huoni ukikusogelea. Macho yanaingia ndani ya vile vidaka na ukuta unakwenda nyuma.

Mpangaji huwezi kuchimba ukuta wa watu. Nilichofanya ni kumwambia fundi anipigie rafu za kina cha inchi 6 tu, juu ya usawa wa kichwa cha kitanda, kisha nikazipaka rangi ile ile ya ukuta. Hilo la rangi ile ile ulishike sana. Rafu ya mbao ya kahawia kwenye ukuta mweupe inaonekana kama kitu kimeongezwa chumbani. Ikiwa rangi moja na ukuta, macho yanaipita yanaona vikombe tu.

Sasa rangi, kwa kuwa uliuliza. Tumia rangi ya maji nyeupe inayoelekea krimu kidogo, kuta zote nne, na usiuwekee ukuta mmoja rangi nzito kama wanavyofanya saluni. Singibodi ipake nyeupe kabisa. Fimbo ya pazia ipandishe karibu na dari hata kama dirisha liko chini, na pazia lishuke mpaka sakafuni, jepesi, rangi ya karibu na ukuta. Chumba kinarefuka. Kioo kiwekwe ukuta wa pembeni mwa dirisha kipokee mwanga. Usikielekeze kwenye kamba ya nguo, maana utakuwa na rundo mbili badala ya moja.

Neti watu huisahau. Dar huwezi kulala bila neti, lakini ile ya pembe nne ikishuka mchana kutwa unakuwa umejenga chumba ndani ya chumba. Chukua ya duara, ining'inie kwenye ndoana moja, na kila asubuhi izungushe uifunge fundo juu. Kazi ya dakika, na dari linarudi mahali pake.

Lakini dada zangu, haya yote hayasaidii kama bado tunanunua vitu kwa ajili ya midomo ya watu. Nani anayelala humo? Wewe na mwenzio. Mgeni anakaa nusu saa anakunywa soda anaondoka, wewe unabaki unapita kiubavu mwaka mzima. Tumefundishwa kwamba kitanda kidogo ni aibu, kwamba sabufa lazima iwe kubwa na kabati liwe la milango mitatu. Wengine mnaniambia mtapendezesha mkihamia kwenu. Miaka mnayolala hapo ni ya nani? Heshima ya nyumba yako inaanza na chumba ulichonacho leo, hata kama kuta si zako.

Anza na kabati. Yale mashuka ya harusi ambayo hujayafungua, bakiza ya kutumia, mengine mpelekee mama kijijini, atafurahi. Nguo zisizokutosha zigawe. Kabati likipungua, mwite fundi atoe milango yake, uweke pazia jepesi la rangi ya ukuta, na ile nafasi ya kufungulia milango inarudi kuwa njia.