Unataka oda ya korti kusimamisha ujenzi kwenye shamba lenu? Soma hii kwanza

Tangu ile kesi yetu ya shamba la Ganda watu hapa Malindi wananisimamisha njiani kuniuliza oda tuliipataje, basi naandika mara moja wote msome.

Chifu hawezi kukupa oda jamani. Barua yake itakusaidia kuonyesha ulilalamika mapema lakini mwenye lori za mawe akiona haina muhuri wa korti anaendelea tu kuchimba msingi. Na oda haitolewi peke yake, lazima ufungue kesi yenyewe, halafu ombi la zuio (ndiyo hiyo oda ya kusimamisha) liende pamoja na hati ya dharura na kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia.

Kwenye kiapo ndio kazi iko. Tangu kesi ya Giella na Cassman Brown ya 1973 korti za Kenya zinaangalia mambo matatu: kesi yako ina uzito, hasara utakayopata haiwezi kufidiwa kwa pesa, na kama jaji bado ana shaka anapima nani ataumia zaidi. Hilo la pili ndio linaangusha wengi, mtu anaandika "nitaumia sana" kisha anashangaa ombi limetupwa. Minazi inalipika, hata miembe inalipika. Sisi tulipiga picha mtaro wa msingi ulivyofika hatua chache kutoka kaburi la babu, na bikoni, ile alama ya mpaka, ikionekana pembeni imeng'olewa, sasa hapo hata wakili wao angesema nini? (Picha za simu ukiziprinti ambatanisha cheti cha nani alipiga na kwa simu gani, bila hicho watazipinga.)

Sema na yale yanayokuuma pia. Ami yetu alikuwa ameshakula deposit ya yule mnunuzi aliyekuwa anajenga, nyumbani wengine walitaka tunyamaze lakini loya alikataa kabisa tukaliandika, manake hiyo oda ya kwanza jaji anaitoa amesikia upande mmoja tu, na ikija kujulikana umeficha kitu anaifuta na huko mbele hakuamini tena.

Sasa ukishaipata usikae unapigia watu simu kuwapa habari njema! Kanuni za kesi za madai za 2010 (Civil Procedure Rules) zinakupa siku 3 umfikishie unayemshtaki oda, ombi na makaratasi ya kesi, ukichelewa au ukisahau hata karatasi moja zuio linakufa lenyewe. Na hiyo ya upande mmoja haizidi siku 14 kabla pande zote kusikizwa. Tafuta mtu wa kupeleka makaratasi anayetambuliwa na korti, sio binamu yako wa bodaboda, kwa sababu atahitaji kula kiapo kwamba alimpa nani, wapi na saa ngapi. Wetu alimngojea jamaa mpaka akatoka kuswali Ijumaa, ndio akamkabidhi mkononi.

Akiendelea kujenga baada ya hapo usiende na panga, piga picha mrudi kortini, kuvunja zuio anaweza kushikiwa mali au kufungwa hadi miezi 6. Ila mwambie loya aombe tangu mwanzo oda imtaje OCS, mkuu wa kituo cha polisi, asimamie, bila hilo mkifika stesheni mtaambiwa ati hiyo ni kesi ya madai, nendeni mkamalizane huko.