Natapika hata maji: nichukue ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi) au nivumilie?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi binafsi hapa Uyole, Mbeya, nina miaka miwili kazini. Mimba ina wiki 9. Natapika toka asubuhi hadi usiku, hata maji hayakai, na mkojo napata mara moja kwa siku, mweusi kama chai ya rangi. Kabla ya mimba nilikuwa na kilo 62, juzi nimepima 58. Mkuu wa shule anasema mimba si ugonjwa. Mwenzangu ananishauri niwe natundikiwa dripu jioni duka la dawa ili asubuhi niingie darasani. Nikichukua ED sasa, si watanikata kwenye likizo ya uzazi? Nivumilie hadi lini?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Usivumilie zaidi ya leo. Kilo 4 katika 62 ni zaidi ya asilimia 6 ya uzito wako, na mama akishapoteza asilimia 5 hali hiyo tunaiita kutapika kupindukia. Nenda hospitali, usisubiri Ijumaa. ED utaandikiwa hukohuko, na unaistahili.

Hilo neno la mkuu wako nalisikia kliniki karibu kila wiki, na linanikera kuliko yote. Mimba si ugonjwa, sawa. Kifafa cha mimba je? Upungufu wa damu je? Mbona hayo hakuna anayemwambia mama ajikaze? Ila akitapika, kila mtu ana lake: anadeka, hampendi mumewe, mtoto atakuwa na nywele nyingi. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2023 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya tatizo hili inatokana na homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwenye kondo la nyuma na kuamsha sehemu ya ubongo inayoleta kichefuchefu. Waliokuwa nayo kidogo kabla ya mimba ndio inaowatesa zaidi. Hapo kudeka kunaingia wapi?

Likizo ya uzazi haiguswi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Siku 84 za uzazi, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, zinahesabiwa peke yake. Ungekuwa hujatimiza miezi sita kazini hadithi ingebadilika, lakini wewe umeshavuka. Unachotakiwa kupeleka ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Peleka mapema, na baki na nakala. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni kosa kisheria, na malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Walimu wa serikali wana utaratibu wao, wamuulize afisa utumishi.

Sasa hiyo dripu ya jioni. Hapa nawaomba wote mnaosoma mnisikilize vizuri, maana siku hizi imekuwa kama fasheni, kuanzia Mwanjelwa hadi Tunduma.

Kwanza, duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kumtundikia mtu dripu. Pili, watu hupenda ya glukosi kwa imani kwamba inatia nguvu. Mwili hauwezi kuichoma sukari bila vitamini B1, na akiba ya B1 ni ya wiki chache tu. Mama aliyetapika wiki tatu anakaribia kuimaliza. Ukimmwagia sukari mshipani, ile iliyobaki inaisha kwa mkupuo na ubongo ndio unaoumia: anaona vitu viwiliviwili, anayumba akitembea, anachanganyikiwa. Wengine hawarudi walivyokuwa. Hospitali tunatanguliza B1, tunampa dripu ya maji ya chumvi, tunapima potasiamu na kuirudisha ikiwa imeshuka. Muuza duka mwenye kiti na msumari ukutani atapima nini?

Tena dripu inarudisha maji tu. Haizuii kutapika kesho saa mbili asubuhi ukiwa mbele ya watoto hamsini. Kinachozuia ni dawa zenyewe, na promethazini au metoklopramidi zimetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi. Cha ajabu, mama huyohuyo anayeogopa kidonge cha daktari eti kitamdhuru mtoto, anakubali kunywa maji ya mizizi asiyoijua jina, au kutafuna udongo wa sokoni ambao unazuia madini ya chuma na wakati mwingine umebeba risasi. Tangawizi sina ugomvi nayo, kwa kichefuchefu chepesi inasaidia. Kwa hali yako haitoshi.

Wala usikubali kuondoka na jibu la "taifodi na UTI" bila kipimo cha maana. Mkojo upimwe ketoni (dalili kwamba mwili umekosa chakula) na maambukizi, malaria ipimwe, hasa kama ulishuka Kyela karibuni, na ultrasaundi ifanyike kuangalia kama ni mapacha au mimba zabibu (kondo linalokua vibaya, si mimba ya kawaida), maana zote mbili huzidisha kutapika.

Siku za ED ziwe ngapi? Mimi siandiki siku tatu kwa mtu wa wiki ya 9, kwa sababu kipindi hiki ndicho kilele. Huanza na wiki moja au mbili, kisha arudi nimpime uzito na mkojo. Wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 14 na ya 20. Anayetapika mara mbili tatu asubuhi lakini maji yanakaa na uzito haushuki, huyo anaweza kufanya kazi, apunguziwe kusimama tu na aruhusiwe kula kidogokidogo.

Na huku kwetu Juni na Julai baridi huficha kiu, kwa hiyo msingoje kiu. Angalieni mkojo. Ukikaa muda wa saa nane bila kukojoa, ukisimama ukasikia kizunguzungu, au ukitapika damu, safari ni ya hospitali, hata kama ni usiku. Aliyekwisha kutundikiwa dripu za mtaani, akianza kuona viwiliviwili au kuyumba, apelekwe moja kwa moja hospitali ya rufaa. Mnaompeleka mwambieni daktari mlangoni kabisa: ametapika wiki kadhaa, amepewa glukosi, hajapewa B1.