Boti ya fibaglasi si mtumbwi: kushua na kupakia ukiwa peke yako

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya fibaglasi ya mita 5 na mashine ya nguvu farasi 15. Navua peke yangu, kwa mshipi na wavu wa jarife mdogo, natokea Bagamoyo. Kuishua, yaani kuisukuma majini, kunanitoa jasho, na wenzangu wamenishauri nipake oili chafu kwenye magogo. Wameniambia pia vitu vyote vizito niviweke tezi, yaani nyuma, ili omo, yaani mbele, inyanyuke isile wimbi, na boti ikiyumba niache maji kidogo ndani itulie. Bado inayumba, na juzi wimbi limeingia kwa nyuma. Je, ninunue winchi ya kuvutia boti kwa kamba?

JIBU: Marahaba. Winchi usinunue kwa sasa. Wimbi lililoingia kwa nyuma halikuletwa na kushua, limeletwa na hayo mawili ya mwisho uliyoambiwa, na swali kama lako huja kila upepo wa kusi unapoanza kukaza. Ushauri huo una asili yake, ila ni wa vyombo vingine. Mtumbwi wa mwembe ukijaa maji huendelea kuelea, kwa sababu mti wenyewe ni mwepesi kuliko maji. Ngalawa inashikwa na marengu, zile mbao za kuelea ubavuni, pande zote mbili. Jahazi lina mlingoti na tanga la kulilaza, ndiyo maana hutiwa farumi, uzito wa chini wa kulituliza. Boti yako haina lolote kati ya hayo. Fibaglasi ni nzito kuliko maji, na juu yake umefunga chuma nyuma.

Piga hesabu ya tezi. Mashine ya 15, ile ya kuchanganya oili na petroli, ina kilo kama 36. Tangi la lita 25 likijaa ni kilo kama 20. Wewe mwenyewe, tuseme 75. Hizo ni kilo 130 zilizokaa kwenye mita ya mwisho ya boti, kabla hujaweka hata ndoana. Wakivua wawili, mmoja hukaa mbele na boti inalala sawa bila mtu kuwaza. Peke yako hakuna wa kukaa mbele. Ukirundika hukohuko deli la barafu, jarife na nanga, ubao wa tezi unabaki shubiri moja tu juu ya maji. Ukienda kasi huoni shida. Shida inakuja unapopunguza mafuta ghafla: wimbi ulilokuwa ukiliburuta nyuma linakufikia na kupanda juu ya ubao. Hilo ndilo lililokukuta. Na hiyo omo iliyonyanyuka inageuka tanga, upepo unaisukuma pembeni, na wewe huoni mbele.

Sasa hili la maji ya ndani, ambalo linanikera kuliko yote. Sakafu ya boti yako ni kama mita 4 kwa mita 1.2. Maji ya sentimita 5 tu, yasiyofika hata kwenye kifundo cha mguu, ni lita 240, yaani kilo 240. Umepakia watu watatu wasiokaa kitako. Boti ikiinamia kushoto, wote watatu wanakimbilia kushoto. Ikiinua omo, wanakimbilia tezi palipo na mashine. Unahisi imetulia kwa sababu imekuwa nzito na inarudi polepole, na huko kurudi polepole ndiyo dalili ya chombo kinachokaribia kupinduka. Wanaotaja farumi ya majahazi wanasahau kwamba farumi ilikuwa mawe au mchanga uliopangwa chini ukabanwa usisogee, na kwamba katika jahazi hilohilo mabaharia walikuwa wakifua ngama, yaani wakiteka na kumwaga maji ya chini ya chombo, safari nzima. Hakuna nahodha aliyeacha maji yatembee chomboni eti yakitulize. Ya kwako yafue yote, kila mara, na kata ya kufulia ifungwe kwa kamba karibu na mkono wako.

Kuyumba kutapungua ukipanga hivi. Nanga na kamba yake viwe omo, vimefungwa. Deli la barafu likae katikati, mbele kidogo ya kiti cha kati, chini kwenye sakafu, limefungwa kwa kamba mbili pande mbili. Ndimo samaki watakamoingia, kwa hiyo uzito wa kurudi nao utakuwa mahali pake. Jarife liwe mbele ya deli. Dumu la maji ya kunywa na mafuta ya akiba viende mbele pia. Tangi unalotumia livute mbele kadiri mpira wa mafuta unavyofika bila kukazwa. Kisha jisogeze mwenyewe: mkono wa mashine urefushwe kwa kipande cha bomba la plastiki kinachobana sawasawa, ili ukae nusu mita mbele zaidi na bado uweze kuzungusha mafuta. Kamba ya kuzimia mashine iendelee kufika mwilini mwako na uivae. Ukianguka majini bila kamba hiyo, boti itaondoka, au itazunguka na kukurudia na panga za mashine yake.

Kupima ukiwa peke yako si kazi ngumu. Siku ya maji matulivu ielee boti kwenye maji ya kiunoni ikiwa na vyote. Mahali unapokaa weka madumu matatu ya lita 25 yaliyojaa maji. Hizo ni kilo 75, ndiye wewe. Simama nje, tazama. Omo iwe juu kuliko tezi kwa kiasi kidogo tu, na ubao wa mashine ubaki zaidi ya shubiri moja juu ya maji. Chora mstari wa rangi ubavuni usawa wa maji, mbele na nyuma. Ukirudi na samaki mstari ukazama zaidi ya vidole vinne, umezidisha.

Kuhusu kushua. Kosa lako linaonekana: unapakia mchangani halafu unasukuma. Boti tupu ya ukubwa huo ina kilo kama 300. Vifaa, mafuta na barafu vinaweza kuongeza 100 nyingine ambazo zingebebwa kwa miguu hadi majini kwa safari nne. Mashine peke yake ifungwe ukiwa nchi kavu na kuinuliwa, kwa sababu kuifunga boti ikicheza ndiyo njia ya kuiangusha baharini. Kizibo cha tundu la tezi kikaze kabla ya kusukuma.

Oili kwenye magogo haisaidii. Gogo linafanya kazi kwa kuzunguka, na ili lizunguke linahitaji kushika mkuku, uti wa chini wa boti. Ukilipaka oili boti inateleza upande, mchanga unanata na kusaga fibaglasi kama msasa, na oili yenyewe inaishia baharini unakovua. Tumia magogo manne yaliyonyooka, unene wa kiganja, juu ya mbao mbili zilizolazwa mchangani kama reli. Kumbuka gogo linatembea nusu ya mwendo wa boti: boti ikienda mita 2, gogo limeenda 1. Ndiyo maana yanatokea nyuma mapema, na inakubidi uyapeleke mbele kwa zamu. Kuinua omo ili kuingiza gogo la kwanza, tumia mti wa mita 2 na jiwe la kuegemeza karibu na boti. Mgongo wako usiutumie.

Kazi kubwa mwachie maji. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hupanda zaidi ya mita 3 kwa saa sita hivi, lakini haipandi sawasawa: saa ya tatu na ya nne hukimbia, saa ya mwisho hupanda polepole sana. Fikisha boti kwenye ukingo wa maji saa moja na nusu kabla hayajajaa. Ukikwama, maji yatakuja kukuinua. Ukishua yanapopwa, kila dakika ya kupumzika inakuacha mchangani. Na usiipweleze, yaani usiikalishe mchangani, kileleni mwa bamvua kisha ukaiacha: maji ya siku zinazofuata hayatafika pale, utangoja karibu wiki mbili.

Ungependa kitu kinachoizidi winchi? Maji yakiwa yamepwa, tembea nayo nanga ya akiba hadi mbele ya panapovunjika mawimbi, iweke na boya, kamba iburute mpaka ufukweni. Maji yakijaa, panda ukavute kamba hiyo kwa mikono, omo ikitazama baharini, mpaka maji yawe ya kutosha kushusha mashine. Iwe kamba ya nailoni inayozama. Ile ya plastiki inayoelea itaingia kwenye panga.

Jarife lililolowa ni zito kuliko ulilotoka nalo. Livute kwa upande mmoja ukiwa umepiga magoti, mashine imezimwa, na kila pima chache lisukume mbele. Ukilirundika ubavuni unapovutia, samaki mmoja mkubwa anatosha kuleta ukingo majini.

Kuna jambo hukuuliza, lakini wanaokushauri hivyo ndio haohao wanaolifanya. Boti nyingi za fibaglasi huja na masanduku yaliyozibwa chini ya viti au ubavuni, matupu au yenye povu. Fundi wa njiani anakuja, anayakata, anayaita stoo za samaki, analipwa na kuondoka. Masanduku hayo ndiyo pekee yanayoifanya boti iendelee kuelea ikijaa maji. Bila hayo inazama kwa tezi, mashine ikiivuta, na wewe unabaki bila cha kushikilia. Gonga yako usikie, kagua kama kuna tundu lililofunguliwa. Kama yamekatwa, yazibwe upya kwa fibaglasi. Kwa muda, funga madumu matupu kumi ya lita 20, vifuniko vimekazwa, matano kila upande, juu karibu na ukingo chini ya viti na si sakafuni, ili boti ikijaa maji ibaki imekaa wima. Yafunge kwa kamba nene, kwa sababu kila dumu likizamishwa husukuma juu kwa karibu kilo 20, na fundo legevu litaliachia.