Re: Vijana wanataka ibada ibadilike, wazee wamekataa

Ndugu, umeuliza mfanyeje ili vijana wasilikimbie kanisa na wazee wasione wameporwa ibada yao. Anzeni kwa kutenganisha imani na mazoea. Ubatizo na meza ya Bwana haviguswi. Lugha na ala za muziki zimekuwa zikibadilika tangu zamani. Wakatoliki waliadhimisha misa kwa Kilatini karne nyingi, hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wao (1962–1965), ulipofungua mlango kwa lugha za watu.

Ila msiishie kwenye gitaa na spika, maana hapo ndipo makanisa mengi hukwama. Kijana anayepiga kinanda kila Jumapili lakini hasikilizwi kwenye vikao bado ni mgeni. Mpeni kusoma neno, kuhesabu sadaka, kukaa kwenye kamati ya fedha.

Na tafadhali, msiwatenge vijana kabisa kwa kuwapa ibada yao ya pembeni. Wanahitaji kumsikia bibi akiimba tenzi bila kitabu, naye bibi awasikie wanavyoomba. Chukueni wimbo mmoja wa zamani: ubeti wa kwanza waanzishe wazee, wa pili waupokee vijana kwa ngoma zao. Hilo mnaweza kulijaribu hata Jumapili hii.