Re: Tunarudi Nakuru na mabinti wawili, kuanzia Septemba mpaka Desemba watoto hufanya nini huko?

Dada, umeuliza mtafanya nini na hao mabinti wa miaka minne na sita mkirudi Nakuru mwezi wa tisa, manake huko Uingereza wamezoea ule msimu wa majani kuanguka, wanaokota majani mekundu njiani wakitoka shule, wana wiki yao ya mapumziko mwisho wa Oktoba, maboga ya tarehe 31, fataki za tarehe 5 Novemba, na wewe unaogopa huku watakaa tu mbele ya tivi hadi Januari. Mimi ni baba wa wasichana watatu, mdogo yuko PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea), tunaishi upande wa Kiamunyi. Nimesoma majibu ya hapo juu na naona wengi wamekutajia mbuga na hoteli zenye bwawa la kuogelea. Sawa, lakini hizo ni za siku moja moja na zinakula pesa. Shida yako haitakuwa Jumamosi. Shida itakuwa Jumanne saa nane mchana, mvua imeanza, stima imepotea, na watoto wameshachoka kuchora. Hiyo ndo nataka tuongee.

Kwanza sahau mambo ya giza. Huko saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ikifika Novemba mtoto anatoka shule giza likiingia, si ndio? Huku tuko karibu kabisa na ikweta, jua linatoka saa kumi na mbili na kitu asubuhi na linazama saa kumi na mbili na kitu jioni, mwaka mzima, hakuna mjadala. Kinachopanga siku yako huku ni mvua. Na mvua ya Nakuru miezi hiyo mara nyingi haina haraka ya asubuhi: unaamka kuna kibaridi cha sweta, saa tatu jua linawaka mpaka unaanika nguo kwa raha, saa saba mawingu yanaanza kujikusanya, saa nane au tisa inashuka, na jioni watoto wako nje tena wanaruka madimbwi. Si kila siku, lakini mara za kutosha kukufanya upange maisha hivo. Asubuhi ni ya nje na mchana ni wa ndani. Wageni wangu wa kutoka Nairobi hawaelewi hii, wanalala mpaka saa nne, wanakunywa chai pole pole, wakisema sasa tutoke tupeleke watoto mahali, mvua hiyo hapo, halafu wanalalamika Nakuru haina kitu cha watoto kufanya.

Shule. Muhula wa tatu huanza mwisho wa Agosti na ni mfupi, Oktoba ikiisha wengi wameshafunga, wanarudi Januari. Wengi watakwambia usilipe karo ya muhula mfupi hivo, ngoja Januari. Kwa wa miaka minne naweza kukubali. Kwa huyo wa sita mimi ningemwingiza hata kama ni wiki chache, na si kwa sababu ya masomo, ni kwa sababu ya marafiki. Likizo ya Novemba na Desemba ni ndefu sana kwa mtoto asiyemjua mtu. Akiwa amesoma na watoto wawili watatu wa mtaa huo huo, likizo ikianza utasikia geti likigongwa saa mbili asubuhi, "mama Fulani, anaweza kutoka tucheze?" na hapo kazi yako imepungua nusu. Watamfundisha michezo ya blada na kati, watacheza kalongolongo na majani ya sukuma yako watayamaliza, vumilia tu. Brikicho (ule mchezo wa kujificha) ikianza jioni huwapati ndani mpaka uite kwa jina kamili la kipaimara.

Sasa nywele, hii watu hawajakutajia na una wasichana wawili. Shule nyingi wakati wa muhula zinataka matuta ya kawaida au nywele fupi, basi likizo ikianza kila msichana anataka rasta na shanga, na saluni zote zinajaa kwa wakati mmoja, Desemba bei inapanda na unakaa kwa foleni na mtoto analia. Sisi tulihamisha hiyo kazi nyumbani kwa mchana wa mvua. Mama yao anasuka, mimi nafumua. Usicheke, kufumua ni kazi. Mtoto anakaa chini kwa mkeka katikati ya magoti yangu, nakata ncha za rasta (si nywele zake, hapo macho yawe wazi), halafu natumia ule mkia wa chanuo kuachia kila msokoto kutoka chini kwenda juu, na huyu mwingine yuko pembeni anaokota zile zilizotoka anaziweka kwa mfuko, anasema ni za kusuka mwanasesere. Mabati yanapiga kelele hamsikilizani, yeye anapiga kelele "baba unavuta!" na sijavuta. Saa mbili zinaisha hivo bila tivi. Na ndani ya hayo masaa mtoto anakuambia mambo ambayo ukimuuliza kwa meza ya chakula anasema "hakuna kitu". Nilijua mambo ya nani alimsukuma nani pale shule kwa njia hiyo, si kwa mwalimu.

Hii inayofuata naomba uisome vizuri hata kama mengine utaruka. Maji. Maji mengi ya Nakuru na viunga vyake ni ya visima, na visima vingi huku vina floraidi nyingi, inatoka kwa miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na huku kuna visima vinavyopita hapo vizuri sana. Yale meno ya kahawia unayoyakumbuka kwa watu waliokulia huku ndo hayo, si uchafu wala si kutopiga mswaki. Meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya fizi miaka mingi kabla hayajatoka, mpaka mtoto afike karibu miaka minane, kwa hivyo wako wote wawili wako ndani ya hiyo hatari kabisa. Na kuchemsha hakusaidii kwa hili. Kuchemsha kunaua wadudu, lakini floraidi inabaki pale pale, tena maji yakipungua kwa sufuria inakuwa nzito zaidi. Vichujio vya mkaa wa mifupa vinaiondoa, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeifanyia hiyo kazi miaka mingi, ukifika uliza. Na maji ya mvua karibu hayana floraidi.

Ndo maana nasema mvua za mwisho wa mwaka ni mali. Sisi ya kunywa na kupika ni ya mvua, ya kufua na kuoga ni ya kisima. Weka tenki na gata kabla ya Oktoba. Mvua ya kwanza usiikinge, wacha ioshe paa kwanza, vumbi na kinyesi cha ndege viende zake, halafu ndo uelekeze bomba kwa tenki, na bado ya kunywa uchemshe kwa sababu ya wadudu. Wasichana wangu wamepewa kazi hapo: wa kwanza anaangalia kile kitambaa cha mdomo wa tenki kama kimejaa majani, wa pili anagonga tenki na kijiko kutoka chini kwenda juu, inalia pu pu pu mahali pana maji, ikifika penye hewa sauti inageuka, anachora alama na chaki na tarehe. Ukiona tenki letu utadhani ni daftari. Mdogo anagonga tu kila mahali, sasa utafanyaje. Dawa ya meno pia, kwa umri wa wako ni kiasi cha punje moja ya njegere, na wateme, wasimeze.

Haya, ya kutoka. Sina mengi. Majani mekundu hatuna lakini kuanzia Septemba hivi mijakaranda inatoa maua, mitaa ya zamani kama Milimani chini panakuwa pa zambarau, na watoto wanayavisha kwa vidole wanakuwa na kucha ndefu, bure kabisa. Vaa viatu visivyoteleza, yakinyeshewa ni sabuni. Hyrax Hill, kile kilima cha makumbusho, ndo napenda zaidi kwa watoto wadogo kwa sababu si mbali, iko tu hapo kando ya barabara ya Nairobi, hakuna wanyama wa kuogopa zaidi ya pimbi, na wanaweza kutembea wenyewe. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na kuna mabaki ya makao ya watu wa kale, lakini wangu hayo hawana haja nayo. Wao wanataka lile bao lililochongwa kwa jiwe. Kuna mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba wenyewe, wanaokota kokoto wanajaza wanacheza kwa sheria wanazojitungia na kugombana hapo hapo. Nendeni asubuhi na chapo na chai ya thamosi. Menengai, ile kasoko ya volkeno, ni nzuri, kule juu ni zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, lakini upepo wa pale ukingoni si mchezo na kizuizi cha maana hakuna, na mtoto wa miaka minne ni mkono kwa mkono muda wote, basi mzazi harudi ameburudika. Mbuga ya Ziwa Nakuru unahitaji gari, malipo ni ya eCitizen (ile tovuti ya serikali), usiende na pesa mkononi. Na waambie mapema kuhusu heroe (flamingo), kwa sababu ziwa lilianza kupanda kama 2010 hivi, likameza hata geti la zamani, na lile wingu la pinki la kwenye kalenda za zamani wengi walihamia Ziwa Bogoria. Ukiwaahidi heroe halafu waone wachache utalaumiwa mpaka nyumbani. Waahidi vifaru. Vifaru na twiga ndo sifa ya mbuga siku hizi.

Tarehe 10 Oktoba, kama uliondoka zamani pengine kwako bado ni Moi Day, sasa ni Siku ya Mazingira, tunapanda mti mmoja kila mtoto hata kama ni kwa ndoo.

Maboga pia umeuliza. Yapo, tunaita malenge, nenda Top Market utapata mpaka uchoke kubeba. Wakitaka kuchonga uso wachonge, lakini ile nyama ya ndani usitupe, utagombana na majirani wote, hiyo inaingia kwa mukimo au unachemsha watoto wanakula na chai. Ila kama mnataka kitu kama sherehe ya mavuno, tafuta mtu mwenye shamba Njoro au Rongai, mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni kuvuna mahindi. Wape wasichana mahindi makavu na karai wapukuchue. Dakika tano za kwanza ni furaha, baada ya hapo kidole gumba kinauma wanaanza kuuliza mashine iko wapi, na hapo ndo wanaelewa unga hautoki supamaketi. Wangu siku hizi hawaachi ugali kwa sahani. Au wanaacha kidogo sana.

Usiogope pia usiku mmoja baada ya mvua taa ya nje ikizingirwa na wadudu wenye mabawa, ni kumbikumbi. Mke wangu ni wa Kakamega, kwao hiyo ni sikukuu, beseni la maji chini ya taa, asubuhi wanakaangwa na chumvi kidogo. Wa kwanza wangu anakula kama njugu, wa pili anakimbia akipiga nduru. Wako sijui watakuwa upande gani.

Kama mtaenda ushago magharibi Desemba, kata tikiti mapema kabisa, kuanzia tarehe 20 hivi nauli za kwenda Kakamega, Busia, Bungoma zinaruka vile dereva ameamka, na watoto wawili watataka viti vyao, kumpakata wa miaka sita hadi Kakamega magoti hayatakusamehe. Bebeni neti, kule mbu si kama wa Nakuru.

Halafu hujasema mtakaa mtaa gani. Kama bado mnatafuta nyumba, kabla hujalipa dipoziti muulize mwenye nyumba maji yanatoka wapi na kama anakubali uweke gata. Ukipata jibu andika hapa, nikijua ni upande gani nitakuambia kama kuna watoto wa umri wao, Kiamunyi najua karibu kila geti.